Kamanda, hilo neno "msaliti" nimelipokea

Tandika, Dar es Salaam
Jumapili, 16 Agosti 2015

Kamanda wangu,

Salamu kwa shemeji na watoto, na poleni na baridi ya Arusha. Huku tu wazima. Cherehani hailali, kila tawi linataka bendera, na hasira niliyonayo haijanizuia kupokea pesa zao.

Ujumbe wako umenifikia, neno moja tu: "msaliti", kwa kuwa nimekataa kushangilia chama chetu CHADEMA kumsimamisha Lowassa kugombea urais. Na mimi ningeweza kukujibu kwa neno moja, nalo unalijua, ila tumetoka mbali. Nimeona nikae niandike, usome ukiwa umetulia, ukimaliza unitukane ukitaka.

Tarehe 15 Septemba 2007 mimi na wewe tulitoka hapa Tandika kwa miguu hadi Mwembeyanga kumsikiliza Dk. Slaa wa chama chetu. Alisoma majina 11 ya watu aliosema ni mafisadi, na la Edward Lowassa lilikuwamo, naye wakati huo ni Waziri Mkuu. Ulinishika mkono ukaniuliza kama tutafika nyumbani salama. Miezi mitano haijatimia, kamati ya Bunge ya Mwakyembe ikasoma bungeni ripoti ya Richmond, kampuni iliyopewa zabuni ya mitambo ya dharura ya megawati 100 iliyokuwa ituokoe na mgawo wa umeme wa 2006, na Februari 2008 Lowassa akajiuzulu.

Baada ya hapo tulipata kazi ya kufanya. Nani alikuwa akimwambia kila mteja aliyeleta suruali ya kupunguzwa kwamba umeme ukikatika aikumbuke Richmond? Mimi. Mwaka 2010 Dk. Slaa alipoliacha jimbo lake la Karatu akagombea urais, nani alishona magwanda ya tawi kwa mkopo? Mimi huyu huyu, na kuna watu mpaka leo hawajamaliza kulipa (mmoja wao anajijua, anasoma barua hii). Wateja niliowapoteza kwa sababu ya mdomo wangu ni wengi, wenye fedha zao, wa CCM. Sikujutia hata mmoja. Nilikuwa najua ninachokisema, maana chama ndicho kilichoniambia.

Sasa nieleze wewe uliyekuwa katibu wetu: ile wiki moja, nani aliulizwa? Jumanne ya Julai 28, hotelini Bahari Beach, Lowassa anapewa kadi ya chama. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya BVR nikihangaikia kadi mpya ya mpiga kura, kijana mwenye redio kwenye simu akatutangazia. Jumanne iliyofuata, Agosti 4, Mlimani City, mkutano mkuu unampitisha kugombea urais. Mgombea mwenza wake Juma Duni Haji naye ilibidi atoke kwanza CUF aingie CHADEMA, kwa kuwa sheria inataka wote wawili wawe wa chama kimoja. Kamanda, kwenye chama chetu cha kufa na kuzikana hapa mtaani, mwanachama mpya anakaa miezi mitatu kabla hajaruhusiwa kukopa masufuria.

Na tuliwacheka CCM, unakumbuka? Julai pale Dodoma makada 42 walikuwa wamechukua fomu, Kamati Kuu ikabakiza watano, Lowassa akakatwa, na wajumbe wa Halmashauri Kuu wakaimba mbele ya Mwenyekiti wao Kikwete kwamba wana imani na Lowassa. Tukasema hiyo ndiyo demokrasia yao, majina yanapikwa gizani. Haya. Hata hivyo wajumbe wa mkutano mkuu wao waliletewa majina matatu, Magufuli, Asha-Rose Migiro na Amina Salum Ali, wakapiga kura. Wetu waliletewa moja walipigie makofi.

Najua utaleta hesabu, wewe siku zote ni mtu wa hesabu. Mwaka 2010 Kikwete alipata karibu asilimia 63, Slaa 27 hivi. Pengo hilo, utasema, magwanda hayawezi kuliziba. Linahitaji mtu anayehama na mtandao wake na wapiga kura wake. Hoja hiyo siipuuzi. Jumatatu iliyopita, siku Lowassa alipokwenda kuchukua fomu Tume ya Uchaguzi, nilikuwa natoka Kariakoo na jora la kitambaa begani, daladala ikakwama, tukashuka wote. Sijawahi kuona umati wa namna ile katika jiji hili. Mtoto wa jirani yangu alinipita juu ya bodaboda, amevua shati, sauti imemkauka. Richmond ilipomwangusha Lowassa, yeye alikuwa shule ya msingi. Kwake huyu ni mzee aliyeonewa na CCM, basi. Nimsimulie Mwembeyanga? Ataniona nimetumwa.

Kinachoniudhi zaidi kiko kijiweni. Yule mzee wa CCM tunayekunywa naye kahawa, ambaye mwezi wa tano alikuwa akimwita Lowassa rais mtarajiwa, sasa kila jioni ananisomea majina ya Mwembeyanga. Anayasoma vizuri, kwa mpangilio, maana nilimfundisha mwenyewe. Na mimi natakiwa nimjibu kwa maneno yake ya mwezi wa tano: kwamba mzee alibebeshwa mzigo wa wengine, na mwenye ushahidi aende mahakamani. Ni kweli hajawahi kufikishwa mahakamani, na mimi fundi cherehani si hakimu. Lakini kama ushahidi haukuwapo, mbona tuliambiwa upo? Na kama ulikuwapo, umekwenda wapi? Nakidai chama samahani moja tu, wachague wenyewe ni ya 2007 au ya 2015. Wakiitoa, hata kwa dakika tano jukwaani, nitanyamaza. Mpaka leo kila kiongozi akishika kipaza sauti anapita juu kwa juu, kana kwamba miaka minane tulikuwa tunazungumzia mpira.

Dk. Slaa mwenyewe hajapanda jukwaani tangu Lowassa apokelewe. Profesa Lipumba, mmoja wa wenyeviti wa UKAWA, muungano wetu wa vyama vya upinzani, waliomkaribisha, Agosti 6 kajiuzulu uenyekiti wa CUF, akasema dhamira inamsuta. Hao nao ni wasaliti? Ukisema ndiyo, basi niko kwenye msafara mzuri.

Ungesema, usipomtaka wa chama, mpigie mwingine. Mwingine yupi? Mgombea binafsi haruhusiwi. Mchungaji Mtikila kahangaika na jambo hilo miaka na miaka. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema ni kazi ya Bunge, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika, hapo hapo kwenu Arusha, ikampa haki, na bado hakuna kilichobadilika. Ndiyo maana uamuzi wa chama unaniuma kiasi hiki. Wao wakishafunga mlango, mimi sina dirisha. Kurudi CCM siwezi, na hilo mzee wa kijiweni nimeshamwambia.

Kwa hiyo Oktoba 25 nitakwenda, kadi ninayo. Karatasi zitakuwa tatu. Ya diwani na ya mbunge msiwe na wasiwasi, nitawapa wa kwetu, maana hao nawajua, tumelala nao polisi. Ya rais niachie mwenyewe. Usiniulize tena kwa simu ukiwa umeweka spika mbele ya vijana wa tawi, niliwasikia wakicheka. Ukitaka tubishane, piga usiku ukiwa peke yako, nitakupa masaa.

Bendera zenu ziko tayari isipokuwa kitambaa chekundu kilichopungua. Kariakoo kimepanda bei wiki hii, wauzaji nao wana uchaguzi wao. Nitazipakia kwenye basi Ubungo Jumatano asubuhi, mtu awepo stendi jioni. Nusu ya pesa iliyobaki itangulie kabla sijapakia. Kwa hili hakuna ukamanda.

Wako,
Fundi