Mtoto wako atakuwa Wambui wa ngapi?

Zuu shoga yangu,

Ile voisi yako nimeisikiza mara mbili ndani ya matatu nikicheka peke yangu mpaka makanga akaniangalia vibaya. Eti mama mkwe hata hajauliza tumbo lina miezi mingapi ashakwambia akiwa msichana ni Wambui, basi, na wewe ulishapanga Nasra. Pole mamii, lakini hakuonei. Sisi Wakikuyu majina hatuchagui. Kijana wa kwanza ni babake baba, wa pili ni babake mama, msichana wa kwanza ni mamake baba, wa pili ni mamake mama. Ndio maana kwetu mtu akiita "Wanjiku!" matangani tunageuka watano, wote mabinamu, wote shosho (bibi) mmoja.

Sasa chukua familia ya Mzee Jomo Kenyatta, rais wetu wa kwanza, uone. Babake aliitwa Muigai, mamake Wambui. Muigai akafa, Wambui akachukuliwa na shemejiye Ngengi, ndio Mzee akakua akiitwa Kamau wa Ngengi, na mtoto ambaye Wambui alimzaa huko kwa Ngengi naye akaitwa Muigai, jina la marehemu. Shika majina mawili tu: Muigai na Wambui.

Mke wa kwanza ni Grace Wahu, 1919. Kijana, Peter Muigai. Msichana, Margaret Wambui, yule aliyekuja kuwa meya wa Nairobi. Halafu Mzee akaenda Uingereza 1931 akakaa miaka kumi na tano, na huyu wa huko ndio huwa ananiuma. Edna Clarke. Wazazi wake wote wawili waliuliwa na bomu za Wajerumani 1941, mwaka uliofuata akaolewa na huyu Mwafrika anayefanya kazi za shamba huko Sussex, 1943 wakapata kijana, Peter Magana. Magana ni jina la ukoo wa Mzee, yaani hata huko kwa baridi, hakuna shosho wala shangazi wa kusimamia, jina la nyumbani lilimfikia mtoto. Na 1946 Mzee akapanda meli akarudi, Edna akabaki na mtoto wa miaka mitatu. Mimi hapo huwa sina la kusema.

Aliporudi akaoa Grace Wanjiku (somo yangu, Shiku si ni Wanjiku), binti wa Chifu Mkuu Koinange. Hiyo sasa ilikuwa ndoa na siasa pamoja, nani Kiambu hakujua boma ya Koinange? Lakini Wanjiku alikufa akijifungua, 1950, akaacha msichana. Anaitwa nani? Jeni Wambui.

Ndio 1951 akaja Mama Ngina, binti wa chifu mwingine, Muhoho, na hata hawakukaa sana, Oktoba 1952 Mzee akakamatwa. Hebu soma watoto wa Ngina: Christine Wambui, Nyokabi, Uhuru Muigai, Muhoho. Wambui mamake Mzee, Nyokabi mamake Ngina, Muigai babake Mzee, Muhoho babake Ngina. Wazee wanne wamerudi wote ndani ya nyumba moja! Watu wanamjua Uhuru, aliyekuja kuwa rais naye, kwa hilo la Uhuru, alizaliwa 1961 nchi ikingoja uhuru wenyewe, lakini shosho yeyote Gatundu, kwao Mzee, ukimuuliza atakwambia huyo ni Muigai.

Kwa hivyo Wambui watatu, mama watatu, na mama mkwe wao mmoja (au roho yake, maana Wambui mwenyewe alishakufa zamani Mzee akiwa bado mtoto) amepata haki yake. Wako hawezi kukuachia.

Ila angalia: Margaret Wambui, Jeni Wambui, Christine Wambui. Hilo la mbele hakuna anayekupangia. Muite Nasra Wambui uone kama kuna mtu atanuna. Na wa pili akiwa msichana ni jina la mamako, hilo mkumbushe mumeo mapema kabla hajajifanya amesahau.

Desemba nashuka Mombasa. Niambie saizi ya nguo nibebe, na usinunue zile sweta, huko kwenu mtoto atapikika.

Wako,
Shiku