Msiwabebeshe watu wa Ijara damu ya twiga mweupe

Mhariri,

Nimemsoma msomaji mwenzangu katika ukurasa huu akiwalaumu wafugaji wa Ijara, kaunti ya Garissa, kwa kuuawa kwa twiga mweupe na ndama wake, na usingizi ukanipaa. Wala si yeye peke yake. Kila picha ya twiga yule inapozunguka upya kwenye simu, lawama huishia mlango uleule: wafugaji hawajui thamani ya wanyama, wafugaji waondolewe. Nimefundisha shule ya msingi ng'ambo ile ya Mto Tana miaka kumi na tisa. Naomba nafasi nijibu.

Kwanza tukumbuke tulimjuaje. Mwaka 2017, mwanakijiji anayeishi jirani na hifadhi ya Ishaqbini, kule kule Ijara, ndiye aliyewapasha habari walinzi wa wanyamapori kwamba kuna twiga mweupe na mtoto wake porini. Walinzi wakaenda, wakapiga picha, na dunia ikamwona mama yule akipita huku na huku mbele yao bila papara, huku akimwashiria mwanawe ajifiche nyuma ya vichaka. Mtu aliyekusudia kumla geri, kama Wasomali wa kule wanavyomwita twiga, asingekwenda kumtangaza kwa askari.

Weupe ule si ualbino. Ni hali ambayo ngozi inashindwa kutengeneza rangi yake, lakini macho yanabaki meusi kama ya twiga mwingine yeyote. Tanzania nao walikuwa na wao katika hifadhi ya Tarangire, twiga jike aliyepewa jina la Omo, jina la sabuni ya unga. Nyumbani kwetu hakupewa jina. Kule Ijara wazee walisema tu "yule mweupe" na kila mtu akajua anazungumziwa nani.

Machi 10, 2020 ndipo habari ilipotoka: mifupa ya jike na ndama wake imepatikana, nao walikuwa wamekufa kwa takriban miezi minne. Hifadhi ilisema ni majangili wenye silaha. Msimamizi wake alieleza kwamba hilo ni pigo kwa jamii ya Ijara, jamii iliyokuwa ikijivunia kumtunza mnyama huyo. Lakini nani alimsikiliza? Dunia iliwaka. Watu walililia ule weupe, wakalaani, wakataka Wakenya wanyongwe. Machi 13 ikatangazwa habari ya mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini, na kilio kikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Siku tatu, Mhariri. Waliobaki na msiba ni wale wale wa Ijara.

Sasa niseme jambo linalonikaa kooni. Mwaka mmoja wa ukame, miaka mingi kabla ya 2017, nilikuwa nikirudi kutoka shuleni kwa miguu na wanafunzi wawili. Karibu na mgunga mmoja tulimkuta twiga amelala ubavu. Alikuwa twiga wa kawaida wa kwetu, wa rangi ya kahawia na michirizi myembamba myeupe kama wavu. Waya wa mtego ulikuwa umezama shingoni. Paja moja lilikuwa limeondolewa kwa panga, kazi ya mtu mwenye haraka, na mkia umekatwa shinani, maana zile nywele ndefu hufumwa bangili. Ulimi wake mweusi ulikuwa umetokeza nje, umeshika vumbi. Mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Mwalimu, tumwambie nani?" Nikamjibu tuwahi nyumbani, jua linazama. Sikumwambia mtu, siku ile wala kesho yake. Miaka ile niliona ni mambo ya porini.

Ndiyo maana nashindwa kuwa pamoja na wanaolilia weupe tu. Mwaka 1985 twiga wa Afrika nzima walikadiriwa kuwa zaidi ya 150,000. Kufikia 2015 walikuwa chini ya 100,000. Twiga wetu wa kaskazini, huyu wa michirizi kama wavu, aliingizwa mwaka 2018 katika orodha ya walio hatarini kutoweka. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya tangu 1977, kwa hiyo kila mmoja aliyeuawa kwa waya au kwa risasi tangu hapo ameuawa kinyume cha sheria, awe mweupe au awe na madoa. Nakiri kwamba mwaka 2021 kulikuwa na kilio kwa twiga wa rangi ya kawaida, wale sita waliokwama kwenye matope ya bwawa lililokaribia kukauka kule Wajir wakafa, wakapigwa picha kutoka juu wamelala kama waliopangwa. Kwa hiyo huruma tunayo. Tatizo ni kwamba inangoja picha.

Nimewahi kusoma habari ya Kanada iliyonifunza kitu. Mwaka 2013, kisiwani Cape Breton, wawindaji wenye leseni walimuua musi mweupe, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu mwenye pembe zilizotanuka kama viganja. Sheria ilikuwa upande wao. Lakini wenyeji wa pale, watu wa Mi'kmaq, kwao mnyama mweupe ni mtakatifu na hauawi, na walipoona picha waliumia wakasema hadharani. Wale wawindaji waliomba radhi na kuitoa ngozi, ili wenyeji wamfanyie mnyama wao ibada ya heshima. Hasira ya umma ilisimama nyuma ya wanaoishi na mnyama, haikuwarukia wao. Kwetu ilikuwa kinyume. Aliyefiwa ndiye aliyeulizwa umeua kwa nini.

Baada ya msiba ule alibaki dume mmoja mweupe. Novemba 2020 alifungwa kwenye pembe yake kifaa cha kutuma kila saa habari ya mahali alipo. Namshukuru kila aliyehusika. Ila kifaa hakimwoni mtu mwenye bunduki anayelala vichakani siku mbili akisubiri. Anayemwona ni kijana wa ngamia, naye hatasema neno kwa serikali na magazeti yanayomwita jangili.

Kwa hiyo, Mhariri, nakuomba utume mwandishi Ijara, lakini asiende kumpiga picha yule dume. Akae na wazee chini ya mti, awaulize ni wageni gani walipita na silaha mwishoni mwa 2019, na wao wazee walimwambia nani. Atuletee pia jibu la wakuu: upelelezi uliishia wapi? Na njiani akimkuta twiga wa kahawia amekatwa mkia, asipite. Ashuke, aandike.

Mwalimu mstaafu,
Hola, Tana River