Ukija Kutazama Milango ya Lamu

Sahibu yangu,

Salamu nyingi kutoka Lamu. Barua yako nimeipata, pamoja na maswali yako: ua hili lililochongwa mlangoni lina maana gani, mnyororo ule ni ishara ya nini. Nakuomba maswali hayo uyaweke mkobani kwanza. Hapa kila mwenye kutembeza wageni ana jibu lake, na ukishalisikia, macho yako yatatafuta lile tu uliloambiwa.

Chagua mlango mmoja, usikimbilie kumi. Vichochoro ni vyembamba, kwa hiyo egemea ukuta wa mkabala uuone mzima: mbao mbili, mfaa (ubao mwembamba wa kati zinapokutana), miimo ya pembeni, na kizingiti cha juu. Kisha sogea karibu, ufuate mchoro mmoja tu kwa jicho, tangu chini ya mwimo hadi juu. Angalia patasi ilipozama na ilipopita juujuu. Karibu na kona, huenda ukakuta jani limebanwa kwa sababu nafasi ilikuwa inakwisha. Mimi hapo ndipo ninapompendea fundi.

Nakshi ni kivuli. Ukiimulika kwa taa ya simu moja kwa moja, kivuli hutoweka na ua zima huwa bapa. Mulika kutoka ubavuni. Mlango uliopakwa vanishi tena na tena nao hufifia, maana vanishi hujaa kwenye mifereji. Usimlaumu aliyechonga.

Zidaka, yaani vishubaka vilivyopangwa safu safu ukutani ndani ya nyumba, zinataka subira zaidi. Nenda kwenye ile nyumba ya karne ya 18 iliyofanywa makumbusho, uingie mpaka ndani. Ukitoka juani, macho huhitaji dakika tano hadi kumi kuzoea kiza, na wengi huwa wameshaondoka. Wewe kaa kitako. Je, safu zile za chokaa zinakutuliza au zinakusonga? Ungeweka nini katika kidaka kipi? Andika jibu lako, hata likiwa maneno matatu, kabla hujamuuliza mtu.

Baadaye uliza, utaambiwa humo vilipangwa vyombo vya kaure na vitu vya thamani. Ulichokiona kinaweza kubaki au kugeuka, vyote halali. Ila usiseme fundi ndivyo alivyokusudia. Hilo ni lako, lishike kama lako.

Na milango hiyo ni ya nyumba za watu. Ukitaka kugusa au kupiga picha, bisha hodi kwanza.

Wasalaam,
Sahibu yako