Uvimbe wa maji shingoni kwa mtu mzima

Swahiba,

Salaam nyingi. Nimesoma maelezo ya mgonjwa wako mwenye uvimbe juu ya mtulinga wa kushoto. Angekuwa mtoto mchanga ningekubaliana nawe hapohapo kuwa ni hitilafu ya kimaumbile ya mishipa ya limfu (majimaji ya mwili yanayobeba seli za kinga), maana nyingi hujitokeza kabla ya miaka 2. Kwa mtu wa miaka 46, anza kwa kushuku saratani. Tezi iliyovamiwa na saratani ya tonsili, shina la ulimi au thairoidi huweza kujaa maji ikaonekana kifuko cha kawaida tu. TB ya matezi nayo ina ujanja huohuo. Mchungulie koo vizuri, umpapase thairoidi.

Tochi ikipenya uvimbe, ujue una maji, basi. Ultrasaundi ndiyo yenye maneno: vyumba vyenye kuta nyembamba, bila damu kupita ndani, vinaelekea limfu; ukiona ukuta mnene au kinundu ndani, shuku saratani. Vuta maji kwa sindano uyapeleke maabara. Ya njano iliyopauka yenye limfosaiti (seli nyeupe za limfu) yanatia moyo. Meupe ya maziwa yanaelekeza kwenye mfereji mkuu wa limfu. Kuvuta si tiba, hujaa tena. Na ukivimba ghafla usiupasue kama jipu: ni damu iliyovujia ndani au maambukizi. Linda njia ya hewa, mpe antibiotiki, upasuaji usubiri.

Ikithibitika ni limfu, vifuko vikubwa, vya zaidi ya sentimita 2, huitikia sindano ya dawa za kuvinyausha, doksisaiklini au bleomaisini. Vidogovidogo ni vigumu. Bleomaisini huharibu mapafu, kwa hiyo jumlisha dozi zote.

Ukiamua kupasua, MRI kwanza. Kata kwa kufuata mkunjo wa ngozi. Mwambie mtu wa usingizi asimlegeze misuli muda mrefu, upate kupima neva. Itafute mapema neva ya 11 inayoinua bega, kisha ile ya kiwambo cha kupumulia, juu ya misuli ya skalini ya shingo. Usitoboe kifuko: kikinywea, ukuta wake hupotea kati ya mafuta na vena ya jagula, ile kubwa ya shingo. Kipande kikigoma kutoka kwenye neva, kiache. Kinaweza kurudi, lakini si saratani. Funga kwa uzi kila kimshipa kinachovuja, hasa upande huo wa kushoto, ulipo mfereji mkuu wa limfu.

Mrija wa kutolea majimaji uuondoe yakishuka chini ya mililita 30 kwa saa 24, ila baada ya mgonjwa kula. Yakigeuka meupe, mkatie mafuta kwenye chakula na mrija ubaki. Kifuko chote kiende patholojia.

Nitumie picha za MRI kabla hujampangia siku.

Wako,
Daktari mwenzako