Kabla Hujaagiza Dai ya Kupunguzia Vichwa vya Risasi

Maagizo mengi yanayotufikia yanafanana: "Kalibu yangu inatoa vichwa vya inchi 0.361, nataka vishuke hadi 0.355, maana bastola ni ya milimita tisa." Dai hiyo, yaani chuma chenye tundu la kubania kichwa hadi kifikie kipenyo kinachotakiwa, tunaweza kuichonga bila shida. Ila kabla ya kupokea hela ya mtu huwa tunamuuliza swali moja: mtutu wako umeupima?

Namba 0.355 ni ya vichwa vilivyovikwa shaba. Kichwa cha kusubu hakina gamba hilo, kwa hiyo kinatakiwa kizidi kipenyo cha mifereji ya mtutu kwa inchi 0.001 au 0.002. Ndiyo maana wengi wenye milimita tisa huishia 0.356 au 0.357, na wenye bastola za risasi aina ya .38 Special hutumia 0.358. Kikiwa chembamba, gesi ya moto hupenya pembeni mwake, hukitafuna, na madini huganda ndani ya mtutu. Hapo mteja huilaumu aloi (mchanganyiko wa madini aliosubia) kuwa laini mno, akaongeza antimoni, madini ya kuikazia, na utando wa madini mtutuni ukabaki palepale. Mara nyingi aloi haina kosa.

Kupima si kazi kubwa. Hakikisha silaha haina kitu chemba wala magazini, ifungue, upake mtutu mafuta. Chukua kipande cha madini ya risasi safi, kinene kidogo kuliko tundu, ukisukume taratibu kwa ufito wa shaba na nyundo nyepesi hadi kitokee upande wa pili. Utakiona kina matuta na mabonde. Matuta ndiyo alama za mifereji ya mtutu, na kipimo tunachokitaka ni cha kutoka tuta hadi tuta. Tumia mikromita. Kalipa ya kawaida haiaminiki hapa, kwani tofauti tunayoizungumzia ni ndogo kuliko unene wa unywele. Mtutu wenye mifereji mitano ni msumbufu, kwa sababu tuta hukabiliana na bonde. Ukikutana nao, tutumie kipande chenyewe tukupimie. Wenye bastola za silinda wapime pia midomo ya vyumba vyake, maana kichwa hupita hapo kwanza.

Sasa turudi kwa yule wa 0.361. Hata kama mtutu wake kweli unataka 0.356, huko ni kushuka inchi 0.005, na sisi hatushauri kuzidi 0.003 kwa mpito mmoja. Ukilazimisha, kichwa hurefuka, mifereji ya kichwa inayoshika mafuta hupungua kina, na kitako huota ukingo mwembamba unaochomoza nyuma. Kitako ndicho kinachoachana na mtutu mwisho, na kikiwa na kasoro, shabaha inaharibika. Kwa punguzo kubwa tunatoa dai mbili za kufuatana, ingawa kwa maoni yetu kalibu sahihi ni hela iliyotumika vizuri zaidi.

Dai zetu husukuma kichwa ncha ikitangulia, kitako kikikaa juu ya ufito bapa, ili kisipinde. Paka mafuta mepesi kwanza. Kikipita kikavu, madini hung'ang'ania ukuta wa dai. Aloi ngumu hutanuka kidogo ikishatoka, kwa hiyo dai ileile inaweza kutoa vipimo viwili tofauti kwa wateja wawili. Na vile vichwa unavyovidondosha kwenye maji vikitoka kalibuni, vipunguze mapema, kwani huendelea kuwa vigumu kadiri vinavyokaa, na kuvibana baadaye hulainisha uso wake. Ukivipaka vichwa rangi ya unga, ile inayookwa ili ishike, pima tena baada ya kuoka.

Ukiagiza, tuandikie kipimo cha mtutu, aloi unayotumia, na kipenyo cha vichwa vichache ulivyosubu karibuni. Kichwa kikibadilika, anza upya na kiwango cha chini cha baruti kilichomo kwenye mwongozo wako wa kujazia risasi. Na unawe mikono kabla ya kugusa chakula.