Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Waamuzi, Kisumu

Ndugu waamuzi, waamuzi wasaidizi, na wazee wetu mliostaafu filimbi mkabaki walezi wetu, hamjambo.

Hesabu atazisoma mweka hazina baada yangu. Mimi nitazungumzia kibendera cha kuotea, maana ndicho kilichotukosesha usingizi mwaka huu.

Wengi wenu mlikuwapo Jumamosi ile, kwenye uwanja wa shule nje kidogo ya mji. Zikiwa zimebaki dakika chache, mpira ulirushwa kutoka pembeni, mshambuliaji akaupokea akiwa amewapita mabeki wote, akafunga. Mwenzetu wa laini alinyanyua kibendera, refa akapuliza, goli likakataliwa. Sheria ya 11 ya soka, ile ya kuotea, haina utata hapo: anayepokea mpira moja kwa moja kutoka kwa mpira wa kurusha, kona au mpira wa goli haotei. Timu ile ilinyimwa haki yake na kosa lilikuwa letu. Kesho yake niliwaendea viongozi wao nikawaomba radhi kwa niaba yenu. Mwenzetu naye alisimama mbele ya kikao akakiri, na tangu hapo hajakosa mafunzo hata mara moja. Namheshimu sana kwa hilo. Ila kile kitendo cha mashabiki kumkimbiza kwa mawe hadi kwenye boda boda hatutakivumilia. Refa akikosea kuna njia ya kulalamika, na mawe si njia.

Katika mafunzo tuliyoyafanya baadaye niligundua kwamba wengi wetu tunaijua sheria kwa mazoea. Kuwa mahali pa kuotea, yaani kuwa katika nusu ya wapinzani na karibu zaidi na mstari wao wa goli kuliko mpira na mpinzani wa pili kutoka mwisho, si kosa. Kosa huja pale mchezaji aliye mahali hapo anapoucheza mpira uliotoka kwa mwenzake, anapomzuia mpinzani, kwa mfano kwa kumziba kipa asiuone mpira, au anapofaidika na mpira uliogonga mwamba au uliookolewa na kipa ukamrudia. Tukipima mahali hapo, mikono haihesabiki, ya kipa pia. Na tukumbuke kwamba tunamhesabu mpinzani wa pili kutoka mwisho, yeyote yule. Kipa akitoka langoni, beki mmoja aliyebaki nyuma hatoshi kumwokoa mshambuliaji asiotee. Hapo ndipo wengi huteleza.

Wazee wanaopiga kelele pembeni "ameotea huyo!" mshambuliaji anapokuwa sambamba na beki, msiwakasirikie. Walicheza kabla ya 1990, na wakati huo aliye sambamba alihesabiwa ameotea. Waelezeni kwa adabu mechi ikiisha.

Jambo lililonisumbua zaidi ni hili la kuchelewesha kibendera. Vijana wetu wanatazama mechi za Ulaya, wanaona mwamuzi msaidizi akiacha shambulizi liishe ndipo anyanyue mkono, nao wanaiga. Wenzetu kule wana video ya kuwasahihisha. Sisi tunaochezesha Muhoroni, Ahero na Mamboleo tuna macho yetu tu. Kusubiri kwetu kuwe ni kwa kujua nani anaufuata mpira. Ukishajua, nyanyua. Ukingoja goli lifungwe ndipo ulikatae, umewasha moto ambao huna maji ya kuuzima.

Na macho hayo hayawezi kuona vizuri kama hauko mstari mmoja na beki yule wa pili kutoka mwisho. Nimewaandikia viongozi wa timu zote tunazochezesha: pembeni mwa laini iachwe njia, ifungwe kamba, mashabiki wakae nyuma yake. Baadhi wamekubali. Ambao hawajakubali, tutaendelea kuwabishia hodi.

Dada zetu mliojiunga mwaka huu, karibuni sana. Mary Njoroge wa hapa hapa Kenya alishika kibendera kwenye Kombe la Dunia la Wanawake mwaka 2019 huko Ufaransa. Sitaki kusikia tena mtu akiwapangia mechi za watoto tu.

Mafunzo yanaanza tena Jumamosi ijayo saa mbili asubuhi. Kila mmoja aje na kibendera chake na viatu vya kukimbilia, maana tutaanzia kwenye laini.

Mwenyekiti wenu.