Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Samaki wa Mawe wa Kemmerer

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati nawasilisha kwenu taarifa ya shughuli za chama chetu kwa mwaka unaomalizika. Tumekwenda machimboni mara tatu huko Kemmerer, Wyoming, kutafuta visukuku vya samaki, yaani mabaki ya samaki wa kale yaliyohifadhiwa ndani ya mawe, na tumekutana kila mwezi hapa Salt Lake City ili kusafisha na kutambua tulichorudi nacho. Akiba yetu, kama mweka hazina atakavyoeleza kwa hesabu kamili, inatosha kugharimia msimu ujao bila kupandisha ada. Hayo ni ya kawaida, nami nitayaacha hapo, kwa sababu liko jambo moja ambalo kamati inaliona zito kuliko mengine yote, nalo ni lebo, yaani ile karatasi ndogo inayosema jiwe limetoka machimbo gani, tabaka lipi na siku gani.

Kwa waliojiunga nasi karibuni, ni haki niwaeleze kwanza tunachokifuata kule. Mji wa Kemmerer uko kusini-magharibi mwa Wyoming, mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa gari kutoka hapa, kwa kupitia Evanston. Ni nyanda kavu zenye upepo mkali, zilizo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, lakini miaka milioni 52 hivi iliyopita, katika zama za Eosini, palikuwa na ziwa katika nchi ya joto, lenye mamba majini na miti ya jamii ya michikichi ufukoni. Matope laini ya chokaa yalitua chini ya ziwa hilo kidogo kidogo, utando juu ya utando, kila mmoja mwembamba kama karatasi. Samaki waliokufa wakazama walifika mahali ambapo maji hayakuwa na oksijeni ya kutosha kwa viumbe ambao wangewatafuna, kwa hiyo walifunikwa wakiwa kamili, kuanzia taya hadi ncha ya mkia. Miamba hiyo wanajiolojia huiita Green River, na ziwa lenyewe wamelipa jina la Fossil Lake.

Sehemu ya eneo hilo ni hifadhi ya taifa ya Fossil Butte, iliyoanzishwa mwaka 1972, na humo hairuhusiwi kuokota hata kipande. Katika ardhi nyingine ya serikali kuu, kisukuku chochote cha mnyama mwenye uti wa mgongo hakichukuliwi bila kibali, na sheria ya mwaka 2009 imelikaza jambo hilo zaidi. Sisi tunachimba kwenye machimbo ya watu binafsi tu, kwa kulipia siku au nusu siku, na kwa masharti ya mwenye machimbo. Masharti hayo yalitupima mwezi Agosti, pale kijana wetu mmoja alipopasua jiwe akakuta mkia mrefu mwembamba, na mbele ya mkia huo ukingo wa mwili uliozunguka kama sahani. Alikuwa ni samaki aina ya taa, wa maji baridi, ambaye wataalamu humwita Heliobatis. Kwa mujibu wa makubaliano tuliyotia saini asubuhi ile, samaki adimu hubaki kwa mwenye machimbo, na kijana yule alimkabidhi bila neno, baada ya kupiga picha na kuandika vipimo. Kamati inampongeza, maana picha zile na vipimo vile sasa vimo katika daftari letu, na vina thamani kwetu sawa na jiwe lenyewe.

Wanaochimba Kemmerer hutofautisha tabaka mbili kuu. Moja huitwa tabaka la inchi 18, kwa unene wake, nalo lilijengeka katikati ya ziwa, mbali na ufuko. Jiwe lake halipasuki kirahisi pale alipolala samaki, hivyo mara nyingi samaki hubaki amefunikwa na ngozi nyembamba ya mwamba, na kinachoonekana ni kituta kidogo tu cha uti wa mgongo. Kwa sababu hiyo wachimbaji wazoefu hufanya kazi usiku, wakiilaza taa chini karibu kabisa na jiwe, ili kila kituta kitupe kivuli chake. Tulialikwa kutazama kazi hiyo usiku mmoja mwezi Julai. Mzee aliyekuwa akisogeza taa alituonyesha kivuli chembamba kama uzi, cha urefu wa kiganja, akakizungushia mstari kwa penseli, akasema kwamba kumfichua samaki huyo kungemchukua saa nyingi za kazi ya kuukwangua mwamba kwa sindano. Tabaka la pili lilijengeka karibu na ufuko. Hilo hupasuka vizuri kwa patasi pana na nyundo nyepesi, na samaki hutokea papo hapo, mwenye rangi ya kahawia ya machungwa juu ya jiwe la rangi ya krimu. Samaki wa tabaka la inchi 18 huwa weusi zaidi.

Hapo ndipo lilipotokea kosa la mwaka huu, na aliyesimamia upakiaji siku hiyo ni mimi. Mwezi Julai tulichimba katika machimbo mawili kwa siku mbili, na wakati wa kuondoka, jua likiwa linazama na watoto wamechoka, nilikubali mabamba yote yafungwe kwa magazeti na kuwekwa katika makreti yaleyale bila kuandikwa lolote. Niliamini tungeyatenganisha nyumbani kwa kuangalia rangi. Mengi tuliyatenganisha kweli, ila mabamba tisa yalitushinda kabisa, na mengine tuliyoyatenganisha hatuna uhakika nayo. Katika hayo tisa yumo samaki mzuri kuliko wote wa safari ile. Tunaweza kumtaja kwa jina lake, lakini hatuwezi kusema kama aliishi kwenye maji ya kina au karibu na ufuko, wala aliokuwa nao ni nani, na hakuna sindano wala lenzi itakayoturudishia habari hiyo. Anabaki kuwa pambo tu, nami naliomba radhi kwa wanachama.

Kuhusu kazi ya kutambua, naruhusu kalamu ikae kidogo, kwa sababu huko ndiko chama kilikokua zaidi mwaka huu. Samaki anayeonekana kwa wingi kuliko wote ni Knightia, ambaye Wyoming ilimfanya kisukuku rasmi cha jimbo mwaka 1987. Mama mmoja mwenzetu, mzaliwa wa Kigoma, alipoliona bamba lenye Knightia wengi waliolala pamoja, alisema papo hapo, “Hawa si dagaa wetu?” Hakukosea sana. Dagaa wa Ziwa Tanganyika, ambao ndugu zetu wa Bujumbura huwaita ndagala, wako katika kundi moja na Knightia, lile la samaki wadogo wa baharini kama wale waitwao simu, ambao baadhi yao waliingia maji baridi wakabaki humo.

Tatizo ni kwamba mtoto wa Diplomystus hufanana na Knightia hata wazoefu wakadanganyika. Mwezi Septemba tuliweka mezani kisukuku cha sentimita tisa, ambacho kwa mwaka mzima kilikuwa kimeandikwa Knightia katika daftari letu. Taa ilipowekwa ubavuni, tuliona kwanza kwamba kinywa kinaelekea juu, kama cha samaki anayelisha usoni mwa maji. Kisha tukafuata pezi la chini lililo nyuma ya tumbo, na badala ya kuishia mapema kama la Knightia, lilinyooka likaenda karibu kufika mkiani. Wote wawili wana safu ya vigamba vigumu mgongoni mbele ya pezi, kwa hiyo safu peke yake haitoshi kuamua, lakini chini ya lenzi vigamba vya samaki huyu vilikuwa na meno madogo pembeni, mithili ya chanuo. Alikuwa Diplomystus dentatus, na jina hilo la pili lina maana ya “mwenye meno”. Aliyemwandika Knightia hapo mwanzo ndiye aliyefuta kwa mkono wake na kuandika upya, nasi tulimpigia makofi kwa dhati.

Wengine wana alama zilizo wazi zaidi. Mioplosus ana mapezi mawili ya mgongo, na la pili limekaa mkabala na pezi la chini, na mara kadhaa wachimbaji wamemkuta amekufa na samaki mwenzake kakwama kooni. Priscacara ana miiba migumu mgongoni. Notogoneus ana kinywa kinachoelekea chini, na wanachama wetu wa pwani watafurahi kujua kwamba yuko katika oda moja, yaani kundi kubwa la uainishaji, na mwatiko.

Phareodus, mwenye magamba makubwa na meno makali, ndiye aliyetupeleka nyumbani. Kundi lake lina jamaa wa kale aliyepatikana Mahenge mkoani Singida (si Mahenge ya Ulanga), katika udongo wa ziwa dogo la kreta, yaani shimo la volkano, lililokuwepo miaka milioni 46 hivi iliyopita. Samaki huyo alipewa jina la Singida jacksonoides mwaka 1967. Mahali hapohapo pametoa Palaeodenticeps tanganikae, aliyeelezwa mwaka 1960, na Mahengechromis, ambaye ni miongoni mwa visukuku vya kale kabisa vinavyojulikana vya jamii ya sato na perege. Baadhi ya wanachama wameuliza kama wakienda likizo wanaweza kutuletea kipande. Jibu la kamati ni hapana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda visukuku hivyo, na mahali pake ni huko huko, mikononi mwa watafiti wenye vibali.

Neno moja kuhusu kununua. Mwenzetu mmoja alinunua mnadani Phareodus wa bei kubwa, na tulipomchunguza tuliona rangi ya brashi ikipita juu ya jiwe mahali pasipo na mfupa. Nusu ya mkia ilikuwa imechorwa. Tafadhali leteni kwanza picha za karibu kwenye mkutano kabla ya kutoa fedha.

Kamati inapendekeza kwa kura yenu utaratibu ufuatao. Kila jiwe lipewe namba palepale machimboni, kabla halijafungwa, kwa penseli mgongoni mwake, na namba hiyo iandikwe daftarini pamoja na machimbo, tabaka, tarehe na jina la aliyelipasua. Jiwe likipasuka samaki akabaki pande zote mbili, pande hizo zipewe namba moja kwa herufi A na B, na zisigawanywe kwa watu wawili. Jiwe lisilo na lebo lisiingie katika mkusanyo wa chama wala katika mabadilishano, hata likiwa zuri kiasi gani. Yale mabamba tisa ya Julai yataondolewa kwenye mkusanyo na kupewa watoto wa wanachama wayafanyie mazoezi ya sindano.

Katibu ataongoza upigaji kura mara baada ya taarifa ya mweka hazina. Wanaokusudia kwenda safari ya kwanza, mwishoni mwa Mei barabara zikishakauka, wajiandikishe kwake leo na kila mmoja achukue penseli mbili mezani.

Mwenyekiti